Meneja Aliyenisalimia Kila Asubuhi

Mtu ninayeandika habari zake hapa alijua kwa zaidi ya miaka miwili kwamba ng'ombe wangu wanamalizwa mmoja mmoja, na katika muda wote huo hakuna asubuhi hata moja aliyoacha kuniuliza nimeamkaje. Nalisema mapema ili msomaji asije akanishtaki baadaye kwamba nimempamba. Simpambi. Nitamtendea haki tu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mpenda haki mkubwa, alimradi haki yenyewe isimsumbue mgeni.

Tulimwita Meneja. Bila shaka alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini katika miaka tisa niliyokaa mapokezi ya ile hoteli yetu ya katikati ya mji wa Musoma, sikumsikia mtu akilitumia. Wapishi walimwita Meneja, askari wa doria walimwita Meneja, na mkewe akipiga simu ya mezani aliomba aunganishwe na Meneja, tena kwa adabu zote, utadhani anaomba kazi. Alivaa koti na tai mwaka mzima. Joto la Musoma ukitaka kulijua vaa koti saa saba mchana, lakini yeye alipita katikati ya joto hilo akiwa amefunga kifungo cha shingoni, jasho likimchuruzika nyuma ya masikio, akitangaza kwamba hewa ya leo ni nzuri sana.

Hao ng'ombe niwaeleze kidogo, maana bila wao habari hii haina maana. Niliolewa Butiama. Wakwe zangu walitoa ng'ombe kumi na wawili, wakaswagwa hadi kwetu, upande wa Bunda, wakakaa bomani kwa kaka yangu kwa kuwa baba alikuwa ameshafariki. Mume wangu alikuwa mwepesi wa mkono, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Siku moja nikamfunga binti yangu mgongoni, akiwa na miaka miwili, nikaja Musoma, nikapanga chumba Bweri, nikapata kazi hotelini. Wakwe wakakaa kimya miaka na miaka wakingoja nichoke nirudi. Binti alipofika darasa la tano na kuanza kusifiwa shuleni, ghafla wakakumbuka kwamba ana baba.

Kwetu jambo hili halina chenga. Ng'ombe wakirudi kwa waliowatoa, mwanamke yuko huru na mtoto wake anabaki naye. Wasiporudi, hata ukikaa mjini mpaka uote mvi, wewe ni mke wa mtu na mtoto ni wa boma lile. Najua kuna mahakama. Wakwe zangu nao wanajua kuna mahakama, na walinieleza kwa upole kwamba iko mbali na kwao. Kwa hiyo wale ng'ombe kumi na wawili walikuwa ndio binti yangu. Mimi nilikuwa nalala usingizi, nikijua wako kwa kaka.

Sasa turudi kwa Meneja, na hoteli yake. Nasema yake ingawa hakuwahi kumiliki hata kijiko. Wenye hoteli walikuja na kuondoka, kila mmoja na kibao chake kipya kilichopakwa juu ya kibao cha zamani, na mvua kubwa ikinyesha majina yote matatu yalionekana kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa pamba, wa pili mtu wa dhahabu, wa tatu mwekezaji aliyetuletea kasino. Wote walimkuta Meneja mlangoni, na wote walimwacha pale pale walipomkuta.

Siri yake ilikuwa fremu moja ya kioo iliyotundikwa mapokezi, yenye kichwa cha habari "Historia Fupi ya Hoteli Yetu". Aliitunga mwenyewe. Enzi za mtu wa pamba ilisema hoteli imejengwa na mtu mwenye maono. Mtu wa dhahabu alipoinunua, Meneja alikwenda stationari siku hiyo hiyo, na kufikia jioni historia ikawa inasema hoteli ilijengwa kwa maono, lakini maono yenyewe yalikuwa yakimsubiri mtu wa kuyakamilisha. Alipofika mwekezaji na mashine zake, tukasoma kwamba tangu jiwe la msingi nyumba hii ilikusudiwa kuwa kituo cha burudani cha kimataifa. Kila tajiri mpya alisimama mbele ya fremu, akajiona ndani yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuomba chai.

Chini ya fremu kulikuwa na kiti kilichofungwa utepe mwekundu, na kikaratasi: "Kiti Alichokalia Mkubwa". Mkubwa gani, haikuandikwa. Wageni wakiuliza, Meneja alishusha sauti na kusema, "Wakubwa hatuwatajagi. Ni mambo ya usalama." Siku moja seremala wa Mwisenge alileta kitanda tulichoagiza, akakiona kile kiti, akaruka kwa furaha. "Hee! Si kile kiti changu hiki? Nilikuuzia mwaka juzi!" Kulikuwa na wageni wawili kutoka Mwanza wamesimama wanakipiga picha. Meneja hakutetereka. Alimshika seremala bega, akamwambia, "Ndiyo hivyo. Na wewe sasa umeingia kwenye historia." Seremala aliondoka anatabasamu, na nasikia mpaka leo anawasimulia wateja wake.

Kasino ilipoletwa, mwekezaji alituita wafanyakazi wote kwenye ule ukumbi ambao zamani ulikuwa wa harusi, akatufundisha. Kasino haina saa ukutani. Kasino haina dirisha. Mchezaji asijue kama ni mchana au usiku, asikumbuke njaa, asikumbuke kwao. Meneja alikaa mstari wa mbele akiandika kila neno kwenye daftari. Nilimwonea huruma, nikadhani sasa mzee wa watu amefika mwisho wa uwezo wake.

Mwekezaji alipoondoka kurudi Mwanza, Meneja aliagiza nyundo. Alitundika saa kubwa ya ukutani, kisha kalenda ya kanisa, akafungua mapazia yote. Alitangaza kwamba ukumbi ule kuanzia sasa ni Idara ya Burudani, na kwamba idara itafunguliwa saa tatu asubuhi, itafungwa saa saba kwa chakula cha mchana, na kurejea saa nane kamili. Ilipofika saa saba alizima umeme mwenyewe. Mtu anaweza kuwa amekaa mbele ya mashine tangu asubuhi, anaona kabisa kwamba bahati yake iko mlangoni inavua viatu, Meneja anapita na kuzima. Walilalamika sana. Aliwajibu kwamba hata mashine ni mtumishi.

Na asubuhi kabla ya kuwasha tulisali. Alikuwa mzee wa kanisa kule Mwisenge, hivyo sala aliijua. Tulisimama kwa mstari mbele ya mashine ishirini zilizolala, yeye akainamisha kichwa: "Bwana, ubariki kazi ya mikono yetu, na ya wageni wetu." Nilikuwa najiuliza Bwana anaipokeaje sala ile, maana angebariki upande wa pili hata kwa wiki moja, sisi tungefunga. Meza ya ruleti, ile kamari ya gurudumu, ambayo mwekezaji alijisifu kwamba imevuka bahari, hakuna mtu Musoma aliyeielewa. Meneja aliitandika kitambaa cheupe, na wakati wa semina tuliweka juu yake wali na mchuzi wa sato.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa kitabu cha wageni. Dunia nzima watu huingia kasino kwa kujificha. Kwetu uliingia kwa kusaini. Mlango wa Idara uliwekwa meza, kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, kalamu iliyofungwa kamba, na Meneja. Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mahali utokako, sababu ya kufika, saini. Bila kitambulisho huingii. Wakubwa kwa wadogo walipanga foleni wakisaini kama wanaofuata hati ya kiwanja, na kwenye sababu ya kufika wakaandika yale ambayo watu wetu huandika popote wanapokutana na kitabu cha namna hiyo: "Ufuatiliaji". "Binafsi". "Kikazi". Kijana mmoja wa Bweri aliandika "Kuonana na mhusika", na mhusika mwenyewe ilikuwa mashine namba nne. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyeandika "Kupoteza" kila alipokuja. Meneja alimwita pembeni akamwomba aboreshe mwandiko.

Kitabu kikijaa, alikifungia kabatini na ufunguo ulilala mfukoni mwake. Hakuna aliyeruhusiwa kukisoma, hata mimi. Niliwahi kumuuliza kinasaidia nini kama hakisomwi. Alinitazama kwa masikitiko, akaniambia, "Binti, ofisi bila kitabu ni kijiwe."

Mimi alinipa kazi ya simu na ya wake za watu. Walikuja wengi, hasa mwisho wa mwezi. Kanuni ilikuwa moja, aliyonifundisha wiki ya kwanza. "Mgeni akishasaini hatumtoi. Hata kwa mke wake. Hata kwa mama yake mzazi. Wewe unasema hajafika, unatabasamu, unamkaribisha maji." Nikajifunza haraka. Kuna mama mmoja jirani yangu wa Bweri, mama mnene mpole anayeuza maharage, alikuja mara nne kumuulizia mumewe. Mara ya nne mumewe alikuwa anacheka ndani kwa sauti, na ile sauti tulikuwa tunaisikia sote wawili. "Hajafika mama," nikamwambia nikitabasamu, "karibu maji." Akanitazama kidogo. "Haya mwanangu, asante," akasema, akaondoka na kapu lake. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinipongeza mbele ya wapishi, na siku ile nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha kumhusu. Hakuwahi kucheza, na hakupenda kuona watu wakicheza. Mara nyingi nilimkuta ameupa ukumbi mgongo, anatazama barabara. Mtu wa mbali akimaliza kila kitu, Meneja alimwita ofisini na kumpa nauli ya kurudi Bunda au Tarime kutoka mfukoni mwake, ndani ya bahasha yenye mhuri wa hoteli, akamsindikiza hadi ngazini na kumwambia, "Karibu tena." Nimemwona akimkatalia askari mmoja mkubwa kuingia kwa sababu amevaa ndala. Nimemwona akimlipia mpishi wetu kitanda cha hospitali bila kumwambia mtu. Binti yangu alipokosa sare za shule, yeye ndiye aliyezinunua, akanionya nisimshukuru mbele ya wafanyakazi wengine kwa kuwa italeta maneno. Nilimpenda. Niliposema shikamoo Meneja, nilimaanisha.

Tena aliniheshimu kwa jambo moja ambalo lilinifurahisha kuliko mshahara. Aliamini kwamba katika hoteli nzima mimi ndiye mwenye jicho la kuchagua samaki. "Wapishi wanaokotaga tu," alisema. "Nenda mwaloni wewe mwenyewe, kachague sato. Usiharakishe." Akanipa bodaboda ya kwenda na kurudi. Nilikaa kule mwaloni, mahali mitumbwi inapopakua, nikifunua mashavu ya samaki, nikibonyeza matumbo, nikiwagombeza wavuvi kwa mamlaka niliyojipa. Nilijiona mtaalamu. Nilisimulia hata kanisani. Hizo safari zilikuja mara moja moja, kila mara asubuhi moja baada ya siku ya mnada wa ng'ombe kwetu, na sikuwahi kujiuliza samaki na mnada vinahusiana vipi.

Wakati huo huo kaka yangu alikuwa ananipigia simu na habari za msiba. "Dada, yule mwekundu kafa. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe." Baada ya miezi miwili, "Yule mwenye baka amelala chini, hasimami." Nilimpa pole. Nilimtumia hela ya dawa. Alilia kwenye simu siku aliposema yule jike mkubwa ameondoka, na mimi nikalia naye, tukafarijiana vizuri kabisa kama watoto wa mama mmoja.

Kasino ilikufa bila tangazo. Mwekezaji alianza kuja mara moja kwa mwezi, halafu kwa simu tu, halafu lori likaja na turubai, likabeba mashine na kuacha meza ya ruleti kwa kuwa haikupita mlangoni. Hoteli ikanunuliwa na tajiri wa nne, mtu wa kisasa, ambaye hakusoma historia ukutani hata mstari mmoja. Aliishusha fremu, akapachika televisheni, na Meneja akapewa barua ya kustaafu na keki. Aliagana na kila mmoja wetu kwa mkono. Alikwenda kujenga Kisorya, kule Bunda, karibu na kivuko cha Ukerewe.

Mimi niliambiwa nisafishe ofisi yake. Kabati lilivunjwa, na vitabu vikatoka, vyeusi, saba. Nilikaa chini navyo kwa furaha mbaya, niwe mkweli. Nilitaka kuona ni wakubwa gani wa mji huu walikuwa "Kikazi". Nikacheka kurasa tatu. Ukurasa wa nne nikaona mwandiko ninaoujua tangu shule ya msingi, ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu. Jina kamili la kaka yangu. Atokako: Bunda. Sababu ya kufika: "Mambo ya kifamilia".

Nilifungua vitabu vyote. Alikuwepo ndani ya vitatu vya mwisho, tena na tena, kila mara saa tatu na kidogo asubuhi, siku moja baada ya mnada, na kila mara mambo ya kifamilia. Tarehe nilizikumbuka, maana ukiacha mbili za mwanzo ndizo siku nilizokuwa mwaloni nikifunua mashavu ya sato. Nilikaa kwenye sakafu ile mpaka mfagiaji akaja kuniuliza kama naumwa.

Wiki ile ile wakwe walileta neno: kikao kitafanyika nyumbani kwetu baada ya wiki tatu, waje kuchukua ng'ombe wao au mtoto wao. Kaka akanitumia ujumbe nisiwe na wasiwasi, wazee wataelewa, ugonjwa hauna mwenyewe. Nilijua wataelewaje. Ng'ombe wakifa kwa ugonjwa, hakuna wa kulaumiwa na hakuna wa kulipa. Watasikitika, watakunywa soda, kisha watamchukua binti yangu. Lakini ikijulikana wameuzwa na fedha zao kuchezewa kamari, kaka atawatoa wengine kwenye boma lake mwenyewe. Ilihitajika tu mtu wa kusema. Baba mdogo nilipompigia alinikatisha mapema: "Daftari wazee hawalisikilizagi, mwanangu. Jina mtu yeyote anaweza kuandika. Tuletee aliyeona."

Nikaenda Kisorya. Nilimkuta Meneja nyuma ya nyumba ambayo haijaezekwa upande mmoja, amevaa fulana na tai. Sitanii. Alikuwa anamnywesha ndama.

"Umeamkaje, Binti?" akaniuliza.

"Kaka yangu alikuwa anakuja kwenye kasino," nikasema.

Alimfuta ndama pua kwanza. "Umefungua vile vitabu? Vile ni mali ya hoteli. Nani alikupa kibali?"

"Meneja, walikuwa ng'ombe wangu!"

"Najua." Akakaa juu ya tofali. "Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nikasoma kitambulisho vizuri, nikaona jina la baba yako, naye mwenyewe akaniambia fedha ni za ng'ombe zako. Nikasema, huyu mtoto akimwona kaka yake pale ataumia. Ndiyo maana nilikuwaga nakutuma samaki."

Alisema hivyo kwa upole mkubwa, akinitazama usoni, akisubiri nimshukuru. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa mkewe alikuwa anatuletea chai, na ni mama wa heshima. Nilipotulia nikamweleza kuhusu kikao, nikamwambia neno lake moja litatosha kunibakishia mtoto. Yule mtoto aliyemnunulia sare.

"Miaka yote sijawahi kumtoa mgeni," akasema.

"Hoteli si yako tena! Kasino yenyewe haipo!"

"Mgeni yupo," akasema, akanyanyuka kumfuata ndama wake.

Sikunywa chai. Mkewe alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono muda mrefu na kusema ataongea naye, ingawa miaka yote hiyo alikuwa hajui kama yeye ni mke au ni mgeni wa muda mrefu. Ndani ya gari nilipanga hotuba kali za kumlaani yule mzee, na kila hotuba nilipoifikisha katikati, yule mama wa maharage wa Bweri alinisimamia mbele na kapu lake na kuniambia asante mwanangu. Maneno nilifundishwa, lakini kutabasamu vile hakuna aliyenilazimisha. Tabasamu lilikuwa langu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, na nilipofika Bweri nilipita njia ya mzunguko nisikutane naye.

Siku ya kikao watu walijaa uani. Wakwe upande mmoja, sisi upande mwingine, mimi na wanawake karibu na jiko. Binti nilimwacha Musoma kwa rafiki, nisije nikanyang'anywa hapo hapo. Kaka alisimama, akasimulia ugonjwa. Alisimulia vizuri. Alimtaja kila ng'ombe kwa rangi yake na namna alivyokufa, hata wakwe wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma. Msemaji wao alikuwa ameshajikohoza aanze habari ya mtoto, ndipo pikipiki ikaingia uani na kumshusha Meneja. Koti, tai, kifungo cha shingoni, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Wewe ni nani kwa huyu binti?" mzee wa kikao akamuuliza.

"Nilikuwa bosi wake."

Watu wakacheka. "Bosi hana kiti hapa," yule mzee akasema. "Hapa wanakaa ndugu."

"Basi nitasimama," Meneja akasema, na baba mdogo akaomba aachwe aseme.

Alisimama kama alivyosimama mbele ya mashine asubuhi, mikono imefumbatwa. Alisema yote, bila kitabu, kwa kichwa. Siku alizofika. Saa. Fedha, ambazo mgeni mwenyewe alimwambia ni za ng'ombe. Mlango wa nyuma, alimopitia tangu siku ya kwanza ili asipite mapokezi. "Na mlango wa nyuma hakuna mwingine aliyekuwa anafungua," akasema. "Nilikuwaga nafungua mimi." Alieleza hata habari ya samaki, mbele ya wakwe zangu, na mama mkwe wangu wa zamani akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu afike. Kaka hakubisha. Aliinama mpaka nikaona kisogo chake tu.

Wazee walijitenga, wakarudi. Kaka atatoa ng'ombe wake mwenyewe saba walio bomani, na watano waliobaki atawatafuta kwa pamba yake ya misimu miwili, baba mdogo akiwa mdhamini. Wakwe walikubali. Binti ni wangu. Nililisikia lile neno kwa masikio yangu, nikashika nguzo ya jiko.

Watu walipoanza kusimama, kaka aliinua uso. Hakunitazama mimi. Alimtazama Meneja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli.

"Mzee, wewe ulikuwa unaniona. Ulikuwa unajua ni ng'ombe za dada. Kwa nini hukunifukuza hata siku moja?"

Mtu huyu ambaye nilimsikia miaka tisa akimjibu kila mtu, matajiri, maaskari, maseremala, alifungua kifungo cha shingoni kwanza.

"Ulikuwaga mgeni mzuri," akasema. "Hukusumbua. Ulikuwa unashukuru."

Na kaka yangu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesifiwa, na hapo ndipo nikalia.